Gari la Fowili Nje ya Barabara: Mambo Yanayowapasa Makatibu na Wanachama Kuyajua



Ununuzi wa pamba hufanyika wakati wa kiangazi, barabara zikiwa kavu, na hata lori la kukodi lenye dereva mgeni hufika ghalani bila taabu kubwa. Kugawa mbegu na dawa ni kazi ya wakati mwingine kabisa. Katika Kanda ya Magharibi mbegu inatakiwa iwe imeingia ardhini kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba, yaani wakati ule ule ambapo mvua zimekwisha kulainisha mbuga na makorongo yameanza kupitisha maji. Chama ambacho gari lake limekwama siku nne bondeni hakipotezi siku nne za gari tu. Kinawapotezea wanachama siku nne za kupanda, na mvua haimngoji mtu. Ndiyo sababu kila mwaka, katika wiki hizo chache, gari la fowili huombwa kufanya mambo ambayo halikutengenezwa kuyafanya. Na aghalabu anayeliomba si dereva.

Nimekagua vitabu vya vyama kwa karibu miaka ishirini sasa. Vyama vichache vina magari yao. Vingi huazima gari la Chama Kikuu au hukodi. Katika hali zote mbili nimeonyeshwa hati za malipo ya klachi, ya ekseli, ya injini nzima, na kila nilipouliza habari ya safari iliyoleta gharama hizo nilisikia hadithi zilezile tatu au nne. Mimi si fundi wa magari. Niliyoyaandika hapa nimeyapata kwa madereva na katika vitabu vinavyokuja na magari yenyewe, na mengine nimeyapata kwa kosa langu mwenyewe, ambalo nitalieleza mahali pake.

Kwanza, tuelewane juu ya gari lenyewe. Gari la kawaida husukumwa na magurudumu mawili; mengine mawili hufuata tu. Gari la fowili lina sanduku la pili la gia, lililounganishwa na lile la kwanza, nalo hugawa nguvu ya injini mbele na nyuma. Sanduku hilo hilo lina gia nzito, ambayo madereva huiita loo. Ukiitia, injini huzunguka sana na magurudumu huzunguka polepole, na nguvu ya kusukuma huongezeka kwa kiasi cha mara mbili na zaidi kidogo. Katika Land Rover za zamani kulikuwa na vishikio viwili vyenye vifundo vya rangi: cha manjano kikisukumwa chini huingiza fowili, na chekundu kikivutwa nyuma huingiza loo. Land Rover 110, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1983, ina fowili wakati wote, na kishikio chake hutumika pia kufunga difu ya katikati. Katika Land Cruiser nyingi za pikapu tulizonazo vijijini lipo jambo jingine: vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele. Hivi huzungushwa kwa mkono hadi kwenye neno LOCK. Visipozungushwa, fowili yaweza kuwa imetiwa ndani na magurudumu ya mbele yasipate nguvu hata kidogo. Nimewahi kumkuta dereva amehangaika nusu saa katika tope, kishikio kikiwa mahali pake, na magurudumu ya mbele yametulia kimya kama wageni mezani.

Sasa, nguvu hiyo ni ya kusukuma tu. Haiongezi breki. Kila gari, liwe la fowili au lisiwe, husimamishwa na breki za magurudumu manne na mshiko wa matairi manne. Kwa hiyo dereva aliyepita penye utelezi kwa sababu ya fowili atakuta kwamba kusimama kwake ni kulekule kwa gari la kawaida, na kwa kuwa gari lake ni zito, huenda kukawa kubaya zaidi. Tena nguvu hiyo haipunguzi uzito. Gari lenye tani moja ya mbegu huzama kama lilivyo zito, hata likiwa na nguvu namna gani.

La tatu ni habari ya difu. Kila ekseli ina difu, kifaa kinachoruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kuzunguka kwa mwendo tofauti gari linapokata kona. Bila kifaa hiki hatungeweza kupinda, lakini kina tabia moja: nguvu hukimbilia kwenye gurudumu lenye kazi nyepesi. Gurudumu moja likining'inia hewani au likikaa katika utelezi, litazunguka ovyo huku mwenzake, aliyeshika ardhi ngumu, amesimama. Basi gari la fowili lisilo na kifungio cha difu laweza kushindwa na magurudumu mawili tu, moja la mbele upande huu na moja la nyuma upande ule. Mwanachama anayetazama hushangaa na kusema dereva hajui kazi. Huenda anaijua vizuri sana.

Kutokana na hayo kuna kanuni ambayo ningependa kila katibu aikariri: fowili hutiwa kabla ya tope, si ndani ya tope. Dereva asimame mahali pakavu, ashuke, afunge vifungio, atie gia anayoitaka, ndipo aingie. Aliyekwisha kuzama ekseli hana faida kubwa ya kutia loo. Na akishatoka kwenye tope na kufika kwenye lami, aiondoe fowili, isipokuwa gari ni la fowili ya wakati wote. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo humalizwa na kuteleza kidogo kwa matairi. Kwenye lami hakuna kuteleza, basi mkazo wote huingia katika gia na ekseli mpaka kitu kipasuke. Usukani ukiwa mzito na kishikio kikikataa kutoka, dalili ni hiyo. Mara nyingi gari likirudishwa nyuma mita chache kwa kunyooka, kishikio hulegea.

Nikija kwenye ardhi yetu, sina haja ya kuwafundisha wakulima udongo. Wazee wa Usukumani walikwisha kuupa kila udongo jina lake: luseni, ule wa kichanga ulioko juu karibu na majabali, ibambasi, wenye ganda gumu, ulioko chini yake, na mbuga, ule mweusi wa bondeni. Mtu ajuaye majina haya anajua pia pa kupitisha gari. Luseni hunyonya maji na hupitika saa chache baada ya mvua. Mbuga hunywa maji na kuvimba. Ikikauka hupasuka, ikilowa hugeuka sabuni juu na gundi chini. Tope lake hujaza michoro ya tairi hata tairi likawa laini kama mpira wa kuchezea, na hapo hakuna gari lenye mshiko. Ibambasi hudanganya zaidi, kwa kuwa juu huonekana pakavu na chini pana uji.

Kipimo chake hakihitaji ala yoyote. Dereva ashuke, akanyage kwa kisigino. Kisigino kikizama, gari litazama zaidi. Kama ipo njia ya mgongoni, hata iwe kilomita kumi na saba badala ya nne za bondeni, ipitwe hiyo. Najua katibu anayehesabu lita za dizeli atanung'unika. Namwomba akahesabu pia trekta la kukodi, chakula cha vibarua, na siku ambazo wakulima wamekaa mlangoni mwa ghala wakingoja.

Kama gari limekwisha kuingia katika mbuga yenye maji na hakuna kurudi, basi litiwe loo, gia ya pili au ya tatu, na mwendo uwe wa sawasawa, bila kusimama, bila kukanyaga mafuta kwa ghafula, bila kukata usukani kwa nguvu. Kwenye nyayo ndefu za matairi zilizochimbwa na malori, dereva atoe kichwa dirishani kila mara aone magurudumu ya mbele yanatazama wapi. Ndani ya mfereji ule usukani waweza kuzungushwa upande mmoja na gari lisifuate. Halafu mfereji ukiisha, tairi hushika ardhi na gari huruka upande ule ghafula, penye mti au penye watu. Vidole gumba visishike ndani ya duara la usukani, bali vikae juu ya ukingo wake, maana gurudumu likigonga kisiki usukani huzunguka kwa nguvu ya kuvunja kidole. Kukwepa tope kwa kupita shambani ni jambo ambalo madereva wengi huliona dogo. Nimeona chama kikidaiwa fidia ya mistari kumi na minne ya mahindi, na mdai alikuwa mwanachama wake. Alikuwa na haki.

Mchanga wa makorongo makavu huhitaji ufundi tofauti. Tope humtaka dereva awe mpole; mchanga humtaka asisite. Aingie akiwa na mwendo, asibadilishe gia katikati, na akitaka kusimama aliache gari lipungue mwendo lenyewe, kwa kuwa breki hujenga tuta dogo mbele ya kila tairi na tuta hilo latosha kumzuia asiondoke tena. Magurudumu yakianza kuzunguka bila kwenda, aondoe mguu wakati huo huo. Kila mzunguko wa ziada ni chepe moja la mchanga atakalolichimba baadaye kwa mikono. Kupunguza upepo wa matairi husaidia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu tairi hulala na kugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi. Kwa gari lisilo na shehena, paundi 18 au 20 kwa inchi ya mraba zatosha. Chini ya 15 tairi laweza kutoka kwenye rimu. Gari lenye shehena lisipunguzwe kiasi hicho. Ashushe mzigo kwanza. Na asiondoke kwenye ukingo wa korongo kabla hajarudisha upepo, kwa kuwa tairi lililolegea likiendeshwa kwa kasi kwenye changarawe hupata moto na kupasuka. Maana yake ni kwamba geji na pampu ya mguu ni vifaa vya lazima, wala si anasa. Magari mengi niliyokagua hayana hata kimoja.

Juu ya kingo za makorongo nitasema machache. Panda ukiwa umenyooka, shuka ukiwa umenyooka. Gari lenye mzigo juu na watu juu ya mzigo hupinduka likikaa ubavu kwenye mteremko. Kushuka ni kwa loo, gia ya kwanza, mguu mbali na klachi, injini ndiyo izuie. Ukishindwa kupanda, kanyaga breki, tia gia ya kurudi nyuma, na urudi kwa njia uliyopandia. Usijaribu kugeuza katikati. Na abiria washuke kabla, watembee. Hata mwenyekiti atembee.

Sasa nifike kwenye maji, ambako ndiko gari na watu hupotea.

Mito yetu mingi ya mchanga hukaa mikavu siku nyingi na kujaa kwa saa chache. Maji yanayofika kivukoni huenda yalinyesha mbali, huku juu yetu mbingu ni nyeupe. Huja yakiwa ya rangi ya matope, yamebeba vijiti na povu, na sauti yake hutangulia. Aghalabu hupungua usiku, na asubuhi mchanga huonekana tena. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kungoja, mara nyingi tunazungumza juu ya usiku mmoja.

Watu hudhani kwamba gari zito haliwezi kuchukuliwa na maji. Hesabu yake ni hii: kila lita ya maji inayosukumwa kando na bodi ya gari huondoa kilo moja ya uzito unaokaa juu ya matairi. Bodi ya pikapu ina urefu wa mita nne na zaidi, na upana wa mita moja na nusu na zaidi. Maji yakipanda sentimita 10 tu juu ya sakafu, kabla hayajaingia ndani, gari limepungua zaidi ya kilo mia sita. Yakipanda sentimita 30, limekaribia kuelea, na maji yanayokwenda yanalisukuma ubavuni kwa nguvu yake yote. Kina cha sentimita 60 cha maji yaendayo kasi hutosha kuchukua magari mengi, na ya fowili yamo. Kwa gari dogo sentimita 30 zaweza kutosha. Tena mshiko wa matairi, ambao ndio fowili inautegemea, umekwisha kuondoka pamoja na uzito.

Mwezi Desemba 2009 nilikuwa nasafiri kwa gari la chama kimoja kwenda ng'ambo ya mto wa mchanga unaoingia katika mto Simiyu. Tulikuwa wanne: dereva, ambaye alinizidi umri kwa miaka kumi au zaidi, katibu wa chama, utingo kijana wa miaka kumi na tisa, na mimi. Tulibeba mifuko 32 ya mbegu, na nyuma ya kiti tulikuwa na vitabu vya chama vilivyokuwa vimekaa wilayani kwa ukaguzi: daftari la fedha, rejesta ya wanachama na daftari la hisa. Tulifika kivukoni jua likiwa linazama. Maji yalikuwa yanapita juu ya drifti. Dereva alishuka, akatazama, akarudi, akaniambia, "Bwana Mkaguzi, tulale hapa. Alfajiri mchanga utaonekana." Mimi nilikuwa na mkutano saa tatu asubuhi. Nikamwambia kwamba gari hili ni fowili, na kwamba kazi yake ndiyo hiyo. Katibu alinyamaza. Dereva hakubishana, alitia loo, akaingia.

Katikati ya drifti maji yalipanda juu ya boneti, injini ikakohoa, ikazima. Nilimwambia aiwashe. Alisema haifai. Nikamwambia mara ya pili, akaiwasha, tukasikia mlio wa chuma. Sikujua wakati ule, nami nalieleza sasa ili mwingine ajue: injini hubana hewa, na hewa hubanika, maji hayabaniki. Injini iliyomeza maji ikizungushwa kwa nguvu, vyuma vinavyobeba pistoni hupinda au huvunjika. Gari lililozimika majini halitiwi ufunguo tena mpaka fundi atoe nozeli au plagi na kuyamwaga maji yaliyoko ndani.

Tulitoka kwa madirisha tukapanda juu. Utingo aliteleza akachukuliwa hatua kama arobaini, akashika mzizi wa mkuyu. Watu wa kijiji cha jirani walikuja na taa, wakaunganisha minyororo ya majembe ya ng'ombe, wakamtoa yeye kwanza, kisha sisi. Gari lilitolewa siku ya pili.

Mbegu zilizolowa ziliota ndani ya mifuko. Wino wa rejesta ya wanachama na wa daftari la hisa ulikuwa umesambaa hata usisomeke. Ilituchukua miezi mitatu kuandika upya, tukiwaita wanachama kitongoji kwa kitongoji na stakabadhi zao. Walioweka stakabadhi zao walipata haki yao. Marehemu wawili hatukupata hati yoyote ya hisa zao, na watoto wao waliandikiwa kile ambacho majirani walikikumbuka.

Katika taarifa yangu juu ya hasara ile niliandika maneno matatu, "uzembe wa dereva". Ndivyo fomu ilivyozoea kujazwa. Alikatwa mshahara miezi saba. Mwaka uliofuata niliandika barua ya kusahihisha taarifa hiyo, nikaeleza nani aliyetoa amri. Bodi ikasimamisha makato yaliyobaki. Yaliyokwisha kukatwa hayakurudishwa.

Basi, kuhusu kuvuka, haya ndiyo niliyojifunza. Kivuko hupimwa kwa miguu kabla ya magurudumu: mtu mzima, aliyefungwa kamba kiunoni na kamba imeshikwa na wenzake, atembee njia yote akiwa na fimbo, akitafuta mashimo na ukingo wa drifti uliolika. Maji yaendayo yakifika juu ya goti, au yakimyumbisha, gari lisiingie. Maji yasiyokwenda yaweza kuvukwa mpaka kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari, na si zaidi. Penye mamba hapapimwi; hapo hungojwa. Usiku pia hapapimwi. Gari liingie kwa loo, gia ya pili, polepole, likisukuma wimbi dogo mbele yake, na dereva asikanyage klachi majini. Likitoka, breki zikanyagwe kidogokidogo kwa mita mia moja ili zikauke. Na juma lile lile mafuta ya difu na ya gia yatazamwe, kwa sababu ekseli yenye moto ikizamishwa kwenye maji baridi hufyonza maji ndani. Mafuta yaliyogeuka rangi ya maziwa yamwagwe. Hati nyingi za ekseli zilizokufa, nilizoziona, zilianza kwa mafuta ya namna hiyo ambayo hakuna aliyeyatazama.

Kuhusu kulitoa gari lililokwama, huku ndiko watu wa pembeni huumia, si dereva. Kamba au waya iliyovutwa ikikatika hurudi kama mjeledi, na ndoano yake huruka kama risasi. Ifungwe kwenye chasisi au kwenye ndoano iliyowekwa kwa kazi hiyo, kamwe si kwenye bampa wala kwenye kifundo cha kukokotea trela. Gunia zito lililolowa liwekwe juu ya kamba katikati, lipunguze mruko wake. Wote wasiovuta wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, na watoto warudishwe nyumbani, ingawa najua kwamba hakuna mchezo wanaoupenda zaidi. Anayetoa ishara awe mtu mmoja tu.

Jeki haisimami juu ya tope. Iwekewe ubao mpana. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kwa wenye Land Rover za mtindo wa zamani, hata Defender, lipo jambo lisilojulikana na wengi: breki yake ya mkono haishiki magurudumu, bali hushika shafti inayotoka kwenye sanduku la gia kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu hulipa uhuru wa kuzunguka, na gari laweza kuondoka juu ya jeki hali breki imevutwa. Kwa hiyo magurudumu yaliyobaki yawekewe mawe mbele na nyuma, na fowili itiwe au difu ya katikati ifungwe kabla ya kuinua. Matawi ya miti yatandikwe mbele ya magurudumu yaliyozama. Mifuko mipya ya pamba isitandikwe. Niliwahi kukuta mifuko kumi na mmoja imeandikwa "kuharibiwa na panya" katika chama ambacho panya wake, ilionekana, walikuwa na matairi.

Gari la safari za masika lisiondoke bila chepe, panga, shoka, kamba nzima, jeki na ubao wake, pampu na geji, tairi la akiba lenye upepo, maji ya kunywa na tochi. Vitabu vya chama, kama ni lazima visafiri, vifungwe ndani ya nailoni nzito na kutiwa katika ndoo yenye kifuniko kinachobana. Ndoo ya namna hiyo huelea.

Linabaki jambo la nani anaamua. Vyama vingi vina kanuni juu ya nani aidhinishe safari na nani atie sahihi ya dizeli. Sijaona bado chama chenye kanuni juu ya nani anasema "tusivuke". Dereva ni mwajiriwa. Mbele yake amekaa mwenyekiti, au katibu, au mkaguzi, na kila mmoja ana haraka yake. Napendekeza kila Bodi ipitishe azimio, na kulisoma mbele ya mkutano mkuu, kwamba kwenye maji na kwenye mbuga neno la mwisho ni la dereva. Kwamba asiadhibiwe kwa kungoja. Na kwamba kiongozi atakayemwamuru avuke dhidi ya ushauri wake ataandika amri hiyo kwa mkono wake katika daftari la safari, na kutia sahihi, kabla gari halijaingia. Nimeona katika vyama viwili vilivyokubali utaratibu huu kwamba viongozi hawapendi kuandika hapo. Hulala.

Daftari la safari liongezwe safu mbili: saa ya kufika kivukoni, na hali ya maji. Nitazitafuta safu hizo nitakapokuja kukagua. Katibu anayetaka mfano wa azimio nililolitaja anijulishe kabla ya mwisho wa Oktoba, nami nitamletea nakala, ili lipitishwe mvua hazijaanza.